Dakika 44 juu ya Iowa

Katika kanda ya mawasiliano ya ndege ya United namba 232 kuna kicheko. Ni alasiri ya tarehe 19 Julai 1989. Ndege aina ya DC-10 yenye watu 296 inashuka kuelekea Sioux City, mji wa jimbo la Iowa nchini Marekani, na usukani wake hauna kazi tena: marubani wakiuvuta au wakiusukuma, mabawa na mkia haviitikii. Mwongoza ndege aliye chini, Kevin Bachman, anamwambia kapteni kwamba anaruhusiwa kutua kwenye njia yoyote ya kiwanja hicho. Kapteni Alfred Haynes anacheka, kisha anauliza kwa utani kama ni lazima kweli iwe njia ya ndege. Dakika chache baadaye ndege iligonga ardhi, ikavunjika vipande na kuwaka moto. Watu 112 walikufa, 184 wakaokoka.

Wengi wanaosikiliza kanda hiyo hutoka na maelezo mamoja: hawa walikuwa watu wa roho ngumu, wamezaliwa hivyo, na bahati njema iliwakutanisha siku hiyo. Maelezo hayo yanapendeza, lakini yanashindwa mbele ya kumbukumbu za ajali zilizotangulia. Marubani waliopoteza ndege zao miaka kumi na zaidi kabla ya Haynes nao walikuwa watulivu, na baadhi yao walitulia mno. Mioyo ya watu haikubadilika kati ya kizazi kile na hiki. Ilibadilika namna ya kugawana kazi ndani ya chumba cha marubani, na namna ya kusemezana kati ya chumba hicho na mnara. Utulivu wa Sioux City ulitengenezwa, tena kwa gharama kubwa, na habari ya kutengenezwa kwake inaanzia kwenye ajali ambazo ndani yake hakuna aliyepaza sauti.

Usiku wa tarehe 29 Desemba 1972, ndege ya Eastern namba 401, Lockheed TriStar iliyokuwa bado mpya, ilikuwa inakaribia Miami pale taa moja ndogo ilipokataa kuwaka. Kazi ya taa hiyo ilikuwa kuthibitisha kwamba gurudumu la mbele limeshuka na kujifunga. Marubani wakaomba kuzunguka kwa kimo cha futi 2,000 juu ya kinamasi cha Everglades, wakaiachia ndege mikononi mwa mtambo wa kujiendesha, wakaikabili ile taa. Bila wao kutambua, mtambo uliacha kushikilia kimo na ndege ikaanza kushuka polepole gizani. Mwongoza ndege wa Miami aliona kwenye rada yake futi 900 mahali pa 2,000. Akawauliza mambo yanaendeleaje huko. Wakajibu kwamba yako sawa, wangependa kugeuka na kurudi. Akawaruhusu. Muda si muda TriStar ilikuwa imejibwaga kinamasini, na watu 101 walipoteza maisha. Tusiwe wepesi wa kumhukumu mtu yule: rada za wakati huo zilikuwa na tabia ya kuonyesha kimo cha uongo kwa nukta kadhaa, na kulinda kimo cha ndege ile halikuwa jukumu lake. Lakini yatazame mazungumzo yenyewe. Ni ya watu waungwana, wapole, wasiotaka kusumbuana, na ile namba 900, kitu pekee ambacho kingewaokoa, haikutamkwa na yeyote.

Miaka 6 baadaye, tarehe 28 Desemba 1978, upole wa aina hiyo uliua tena, safari hii ndani ya chumba kimoja. DC-8 ya United namba 173 ilikuwa inakaribia Portland, Oregon, na magurudumu yake yakashuka kwa kishindo kisicho cha kawaida. Rubani mkuu akaamua kuzunguka ili wachunguze na wawaandae abiria. Walizunguka kwa karibu saa nzima. Mhandisi wa ndege, aliyekuwa akitazama vipimo vya mafuta, alitoa taarifa zaidi ya mara moja kwamba yanapungua. Lakini alizitoa kama mdogo anavyomkumbusha mkubwa, kwa kugusia, akimwachia mwenyewe afanye hesabu. Mkubwa mawazo yake yalikuwa kwenye magurudumu. Injini zikazimika moja baada ya nyingine, ndege ikaangukia kwenye kitongoji chenye miti, na kati ya watu 189 wakafa 10, akiwemo huyo mhandisi. Uchunguzi ulionyesha kwamba magurudumu yalikuwa yameshuka na kujifunga barabara tangu mwanzo.

Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilipoandika ripoti ya Portland haikuishia kumnyooshea kidole rubani. Ilipendekeza marubani wakuu wafundishwe kuwashirikisha wenzao, na wasaidizi wafundishwe kusema kwa uthabiti hata pale mkubwa anapoonekana hana nafasi ya kusikiliza. Mwaka 1979 NASA iliitisha warsha juu ya jambo hilohilo, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 United, shirika lenyewe lililopoteza ndege Portland, likaanza kuwapitisha marubani wake katika mafunzo ya uongozi na ushirikiano. Si wote walioyapokea vizuri. Wako marubani wa zamani walioyabeza kuwa ni darasa la kufundishana ucheshi, na ukiwafikiria utawaelewa: mtu aliyezoea kwamba neno la kapteni ni amri akiambiwa amuulize kijana wa kiti cha pembeni anaonaje, huona anavuliwa kilemba. Haynes alikuwa mmoja wa watu wa zama hizo za zamani, kwani alijiunga na United mwaka 1956. Baada ya ajali yake alisema waziwazi kwamba zamani kapteni alikuwa ndiye sheria ndani ya ndege, kwamba ndege kadhaa zilipotea kwa sababu hiyo, na kwamba bila mafunzo yale yeye na wenzake wasingefika Sioux City.

Sasa turudi Iowa. Ndege ilitoka Denver kwenda Chicago, na saa 9:16 alasiri ilikuwa futi 37,000 juu ya mashamba ya mahindi. Feni ya injini ya mkiani ikapasuka. Sahani yake ya titani ilikuwa na dosari ya tangu kutengenezwa, dosari iliyozaa ufa ambao wakaguzi hawakuugundua. Vipande vyake viliruka kama risasi na kukata mabomba ya mifumo yote mitatu ya haidroliki, ile inayosogeza vidhibiti vya mabawa na mkia, kwa kuwa yote ilipita mkiani. Waundaji walikuwa wamehesabu kwamba kupotea kwa mifumo yote mitatu kwa mpigo ni tukio la mara moja katika bilioni, na kwa hiyo hapakuwa na ukurasa wa kitabu uliolieleza. Miaka 4 tu kabla, tarehe 12 Agosti 1985, ndege ya Japan Airlines namba 123 ilikuwa imepoteza haidroliki zake zote. Marubani wake walipambana nayo kwa dakika 32 kabla ya kugonga mlima, na kati ya watu 524 walikufa 520.

Rubani msaidizi, William Records, ndiye aliyekuwa akiendesha. Alimwambia Haynes kwamba ndege haitawaliki. Ilikuwa inalalia kulia na kuendelea kulala, na lau ingepinduka mgongo, habari ingekwisha hapo. Haynes akapunguza nguvu ya injini ya kushoto na kuongeza ya kulia. Bawa likanyanyuka polepole. Tangu hapo injini mbili zilizobaki ndizo zilizokuwa usukani. Mhandisi Dudley Dvorak akakaa na mafundi wa shirika walioko San Francisco redioni, akiwarudia kila mara kwamba haidroliki zote zimekwisha, kwa sababu wale wa chini, kwa kujua hesabu ya bilioni, walishindwa kuamini walichosikia. Kisha mhudumu akaleta ujumbe kwamba miongoni mwa abiria yupo rubani mkufunzi wa DC-10, Dennis Fitch, naye anajitolea kusaidia. Haynes akasema aje. Wakamtuma kwanza nyuma akatazame mabawa dirishani. Aliporudi na habari kwamba hakuna kinachosogea, Haynes akamkabidhi vishikio vya nguvu za injini, naye akavishughulikia akiwa katikati ya viti, kila mkono na chake, akitii maelekezo ya waliokuwa wakitazama vipimo.

Hapo ndipo penye ushahidi wenyewe. Kapteni mwenye uzoefu wa miongo mitatu anampa mgeni aliyetoka kwenye viti vya abiria nyenzo pekee inayoiongoza ndege. Mtu wa shule ya zamani angeiona hatua hiyo kuwa ni kujivua madaraka. Kumbe ndiyo iliyompatia madaraka, maana mikono yake na fikra zake vilibaki huru kuamua watue wapi na lini, na abiria waambiwe nini. Uchambuzi uliofanywa baadaye wa kinasa sauti ulihesabu wastani wa kauli 31 kwa dakika, na pilikapilika zilipozidi zilifika 59. Kwa hiyo utulivu ule haukuwa ukimya hata kidogo. Watu walisema mfululizo, kwa vipande vifupi, kila mmoja akitaja anachokiona na anachokifanya, na aliyekuwa na wazo alilitoa bila kwanza kupima cheo chake. Haynes alipenda kukumbusha kwamba chumba kile kilikuwa na jumla ya miaka 103 ya uzoefu wa kuruka, na kwamba katika miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kuirusha ndege namna ile hata dakika moja. Pasipo anayejua, wote walipaswa kufikiri.

Upande wa pili wa redio ndio unaosahauliwa katika hadithi nyingi za ushujaa wa angani. Kazi ya Bachman ilikuwa ngumu kwa namna yake: hakuwa na kitu cha kushika. Alichoweza kutoa ni taarifa, na taarifa ikizidi huwa mzigo. Wenzake wakashughulikia ndege nyingine na vikosi vya uokoaji ili yeye abaki na sauti moja tu. Akajifunza haraka kwamba ndege ile inageukia kulia kwa urahisi kuliko kushoto, na Haynes akamsihi awaweke mbali na mji. Bachman alipoona huenda wasifike kiwanjani, aliwaelekeza penye barabara kuu ya magari. Mwishoni ndege ilijitokeza kwenye mstari wa njia namba 22, iliyokuwa imefungwa na ambako magari ya zimamoto yalikuwa yameegeshwa, huku njia namba 31 yenye futi 9,000 ndiyo iliyokuwa imeandaliwa. Mtu mwenye hofu angewaambia wageuke. Bachman aliwaeleza hali ilivyo: njia imefungwa lakini itafaa, magari yanaondolewa, upepo uko hivi, na mbele ya njia ni shamba wazi. Katika maneno hayo machache hamna agizo lisilotekelezeka wala swali la kumpotezea rubani nukta. Ndiyo maana nasema utulivu ulikuwa mali ya pamoja. Haynes angebaki na pumzi ya utani kama mnara ungekuwa unapiga kelele?

Waligusa ardhi saa 10 kamili, dakika 44 tangu mlipuko, kwa mwendo wa karibu kilomita 400 kwa saa, ilhali DC-10 hutua kwa takriban 260. Bawa la kulia lilitangulia. Zaidi ya theluthi moja ya waliokuwemo walikufa, na hapa msomaji ana haki ya kuuliza huo utulivu ulifaa nini. Wachunguzi waliliweka swali hilo kwenye mtambo wa mazoezi. Marubani wa DC-10 walipewa hali ileile na ikaonekana kwamba kutua salama ni jambo lisiloweza hata kufundishwa; bodi ikahitimisha kwamba waliokuwa angani siku ile walifanya kupita matarajio yoyote ya haki. Kipimo sahihi ni Japan Airlines 123, si kutua kwa kila siku.

Kipingamizi kizito zaidi ni bahati. Ilikuwa mchana, hali ya hewa njema. Askari 285 wa Walinzi wa Taifa wa Iowa walikuwa kazini palepale kiwanjani. Hospitali za mji zilikuwa kwenye saa ya kubadilishana zamu, kwa hiyo zilikuwa na wafanyakazi maradufu. Fitch naye angeweza kupanda ndege nyingine. Haynes mwenyewe, kila alipohesabu sababu za kuokoka kwao, alianza na bahati kabla ya mawasiliano, maandalizi, utekelezaji na ushirikiano. Sina haja ya kubishana naye. Ila bahati ilileta watu tu, haikuwapanga. Fitch aliyeachwa kwenye kiti chake angekuwa abiria mmoja zaidi. Na vikosi vya eneo lile vilikuwa vimefanya zoezi kamili la kuanguka kwa ndege mwaka 1987, kiwanjani hapohapo.

Mtu akitaka kuona mawasiliano yale yakikosekana, hana haja ya kwenda mbali. Miezi 6 tu baadaye, usiku wa tarehe 25 Januari 1990, Boeing 707 ya Avianca namba 52 kutoka Colombia ilizungushwa angani kwa jumla ya dakika 77 kwa sababu ya hali mbaya ya hewa kabla ya kuruhusiwa kuelekea kiwanja cha John F. Kennedy, New York. Rubani msaidizi aliwaambia waongoza ndege kwamba mafuta yanakwisha na kwamba wanaomba kipaumbele. Neno dharura hakulitamka. Kapteni, ambaye Kiingereza chake kilikuwa haba, alimuuliza kama amewaambia kwamba wako kwenye dharura, akajibiwa kwamba ameshawaambia. Baada ya kushindwa kutua mara ya kwanza, mwongoza ndege aliwaeleza kwamba atawapeleka maili 15 kabla ya kuwarudisha, akauliza kama hilo linafaa kwao na kwa mafuta yao. Jibu lilikuwa nadhani linafaa, ahsante sana. Ndege ikaangukia Cove Neck, Long Island. Kati ya watu 158 walikufa 73, na haikuwaka moto kwa kuwa hapakuwa na cha kuwaka. Ukisoma maneno yale bila kujua mwisho wake, utasema ni mazungumzo tulivu kuliko ya Sioux City. Dunia ilichukua muda kuliwekea jambo hili kanuni: mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lilianza kutumia maneno maalumu mawili ya mafuta, moja la kuonya kwamba ndege haiwezi kucheleweshwa zaidi, jingine la kutangaza dharura kamili, ili rubani asibaki kutafuta adabu ya kusema anakaribia kufa.

Wapo waliosema kisa cha Avianca ni cha utamaduni, kwamba watu wa jamii zinazowaheshimu wakubwa hawawezi kuyatamka mambo haya. Sauti hiyo ilisikika pia baada ya Kenya Airways namba 507 kuanguka karibu na Douala tarehe 5 Mei 2007 na kuua wote 114, maana ripoti ya Cameroon ilitaja, pamoja na mengine, ukosefu wa ushirikiano kati ya marubani wawili. Utamaduni unachangia, nani atakataa. Lakini wa Portland walikuwa Wamarekani, na kule Tenerife tarehe 27 Machi 1977, ambako watu 583 walikufa, mhandisi aliyeuliza kwa wasiwasi kama njia iko wazi na kujibiwa kwa mkato alikuwa Mholanzi akimuuliza Mholanzi mwenzake. Woga wa kumsahihisha mkubwa hauna uraia. Na kama Haynes aliweza kufundishwa upya baada ya robo karne ya urubani wa kale, hoja ya utamaduni inabaki kuwa sababu ya kufundisha zaidi, si sababu ya kukata tamaa.

Tarehe 15 Januari 2009 sura ya Sioux City ilijirudia kwa kasi ya kutisha. Airbus ya US Airways namba 1549 ilipoteza injini zote mbili baada ya kugonga mabata bukini juu ya New York, na kutoka hapo hadi majini mtoni Hudson ni nukta 208. Mwongoza ndege Patrick Harten alitoa chaguo moja baada ya jingine, LaGuardia, kisha Teterboro, kwa sentensi fupi. Kapteni Chesley Sullenberger alijibu kwa maneno machache zaidi, akanyamaza alipohitaji kuirusha ndege. Wote wawili walikosea namba ya ndege walipoitaja, na hakuna aliyepoteza nukta kumsahihisha mwenzake. Wote 155 waliokoka. Harten baadaye aliliambia Bunge la Marekani kwamba aliposikia wanakwenda mtoni aliamini hakuna atakayepona na kwamba yeye ndiye wa mwisho kuzungumza nao. Moyo wake ulikuwa umevunjika huku ulimi ukiendelea na kazi. Ushahidi huo unanitosha dhidi ya nadharia ya roho ngumu.

Bado kuna jambo moja ambalo hoja hii haiwezi kulifunika. Utaratibu ukiwa na kasoro, watu watulivu wataitekeleza kasoro hiyo kwa ustadi. Ndani ya ndege namba 232 walikuwemo watoto wanne wadogo wasio na viti vyao, waliopakatwa. Mkuu wa wahudumu, Jan Brown, aliwaelekeza wazazi wao wawalaze sakafuni na kuwashikilia, kama mwongozo wa wakati huo ulivyotaka. Nguvu ya mgongano haishikiliki kwa mikono. Mmoja wa watoto hao alikufa. Brown alitumia miaka mingi baadaye kudai kila mtoto apewe kiti chenye mkanda, na bodi ya uchunguzi ilimuunga mkono. Kanuni za Marekani bado zinaruhusu mtoto wa chini ya miaka 2 kupakatwa. Hoja ya wadhibiti ni kwamba tiketi ya ziada ingezisukuma familia kwenye barabara za magari, ambako vifo ni vingi zaidi.